Mbwa wako analalaje usiku? Tupeane uzoefu, wangu ananitisha

Mzee wa Tabata: Wakuu, nina dume langu, koko aliyechanganyika na shepadi, miaka minne. Analala barazani chini ya dirisha letu. Wiki hii kila ikifika saa nane usiku anaanza kupiga miguu kama anakimbia, midomo inacheza, anabweka kwa ndani kama kafunikwa ndoo. Macho kafumba. Mama watoto anasema ni mapepo, tumwite mchungaji. Wa kwenu wakoje?

Chapati Mbili: Anaota huyo. Wa kwangu hivyohivyo.

Nyuki Mkali: Anamkimbiza bodaboda wa jana 😂

Binti Usa River: Usimguse! Naandika haya naangalia kovu. 2019, nyumbani, tulikuwa na Simba, mbwa niliyemlea kwa chupa. Jioni moja kalala jikoni karibu na mafiga, akaanza kulialia usingizini, mwili unatetemeka. Nikamwonea huruma, nikainama nikamkumbatia shingo. Sikuona hata alivyogeuka. Meno yaliingia hapa chini ya kidole gumba. Halafu ndiyo akafumbua macho. Jamani, ile sura! Aliniachia palepale, masikio yakalala nyuma, akajikojolea, akatambaa kwa tumbo mpaka uvunguni kwa bibi.

Mama alinikokota bombani, sabuni ya mche, maji yanatiririka robo saa nzima anahesabu kwa saa ya ukutani. Nalia, anasema lia ila mkono usiutoe. Kisha hospitali, chanjo ya kichaa cha mbwa. Simba alikuwa amechanjwa, lakini tukaambiwa tumfungie tumwangalie siku 10. Baba alishashika panga, bibi ndiye aliyemzuia. Siku mbili mbwa hakula. Ya tatu nikampelekea ugali na utumbo, akanusa bandeji kwanza, akakaa chini, ndipo akala. Mkono ulipona zamani. Ile sura yake ndiyo haijanitoka.

Kaka Mkubwa: Pole dada. Sindano 14 za tumboni si mchezo.

Binti Usa River: Hizo za enzi za babu yako kaka. Siku hizi ni za begani.

Fundi Jumba: Akianza kuota mmwagie maji ya baridi, ataacha.

Chapati Mbili: Mmwagie wewe, tutakukuta kwenye foleni ya chanjo.

Pwani Raha: Mnalea mbwa kama watoto. Nyumba yenye mbwa malaika hawaingii.

Nyuki Mkali: Barazani si ndani, sheikh. Na wa ulinzi au wa mifugo karuhusiwa.

Pwani Raha: Ulinzi gani wa kuota saa nane usiku?

Mzee wa Tabata: Hapo umenimaliza 😂 Ila dini ina jukwaa lake, wakuu.

Mjukuu wa Ng'wana: Mnacheka mapepo, sisi kijijini nusura bibi wa watu afe. Mbwa wetu Tarzan aliacha kulala kabisa. Hali, anazunguka, usiku anakwenda dirishani kwa bibi mmoja mjane anatoa ule mlio mrefu wa msibani. Siku ya kwanza watu kimya. Ya tatu wakaanza, "mbwa anaona tusichokiona". Ya tano bibi hasalimiwi kisimani. Na macho yake mekundu kwa moshi wa kuni, mnajua kwetu maana yake. Ya nane vijana wakakusanyika na marungu.

Ngoja kidogo, simu inazima.

Kaka Mkubwa: Wee! Rudi hapa!

Chapati Mbili: Huu ndio ushenzi wa watu wa humu. Enhe?

Binti Usa River: Jamani bibi kapona?

Mzee wa Tabata: Uzi wangu umeshachukuliwa.

Mjukuu wa Ng'wana: Nimechaji. Mwenyekiti wa kitongoji akawaambia kwanza tuingie tuone. Nyuma ya jiko, ndani ya banda la mbuzi, mjukuu wa bibi kaficha jike alilotoka nalo mjini, liko kwenye joto. Basi. Tarzan alikuwa analia mapenzi. Baada ya miezi miwili uchawi ukazaliwa, vitoto sita, masikio ya Tarzan matupu. Wale vijana walikuwa wa kwanza kuomba vitoto. Bibi aliwanyima wote.

Nyuki Mkali: Uchawi ukazaliwa 😂😂 nimeangusha chai.

Pwani Raha: Bibi hakupeleka kesi? Mimi ningepeleka.

Bwana Mifugo Mstaafu: Mtoa mada, mwite jina ukiwa mbali. Akishtuka na kukutazama, ilikuwa ndoto. Akikakamaa, akitoa povu, akijikojolea na hasikii, hicho ni kifafa au sumu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na msihesabu usingizi wake kama uvivu, mbwa mkubwa kulala saa 12 hadi 14 kwa siku ni kawaida, mtoto zaidi ya hapo.

Fundi Jumba: Mpe pilipili awe mkali, ataacha kulala.

Bwana Mifugo Mstaafu: Pilipili inamchoma tumbo tu, ukali haiongezi. Kula wewe.

Mzee wa Tabata: Mrejesho. Jana saa nane nimemwita kupitia dirishani. Kanyanyua kichwa, kanitazama kama nimemkatizia kitu kizuri, kajizungusha mara mbili, kalala tena. Mama watoto anasema mapepo yamenitambua sauti.

Kaka Mkubwa: Mjukuu wa Ng'wana, vile vitoto vya uchawi vimebaki? Nikuone PM.