Maji ya kisima hayatoi povu: yafaa kuwa jaribio la sayansi la mtoto wa gredi ya nane?

Baba Mwanaidi, Kisauni
Asalaam aleikum jamani. Binti yangu yuko gredi ya nane, na wiki tatu zijazo shuleni kwao kuna maonyesho ya sayansi. Wenzake karibu wote wanatengeneza volkeno ya siki na magadi. Yeye hataki. Juzi alikuwa uani akifua sare, akaniuliza: "Baba, mbona kwa nyanya Kwale sabuni yatoka povu mara moja, na hapa nasugua mpaka vidole vyaniuma?" Kwa nyanya yake wanakinga maji ya mvua kwenye tangi. Sisi twateka kisimani.

Nikamjibu vile tulivyojibiwa sote tangu utotoni, kwamba maji yetu yana chumvi. Akaniuliza, "Umejuaje kuwa ni chumvi?" Nikakosa la kumwambia. Mimi ni dereva wa tuktuk, na siku nzima swali lile nilikuwa nalo barabarani. Je, latosha kuwa mradi? Na tutapima vipi nyumbani bila maabara?

Mama Salim, Majengo
Latosha sana. Wangu mwaka jana alipeleka volkeno. Mwamuzi akamuuliza, "Ulitaka kujua nini?" Mtoto akanyamaza, akainamisha kichwa. Iliniuma mpaka leo. Wako tayari ana swali lake, usimbadilishie.

Mwalimu mstaafu, Mji wa Kale
Aleikum salaam, baba Mwanaidi. Nimefundisha sayansi miaka mingi, na swali la binti yako nimelipenda kuliko miradi mingi niliyoiona ikipambwa kwa karatasi za rangi. Mpe hongera zangu.

Mombasa imekalia mwamba wa matumbawe. Nenda Ngomeni, pale Fort Jesus, utazame ukuta na mwamba ulio chini yake, utaona vipande vya matumbawe kwa macho. Mwamba huo ni chokaa. Maji ya mvua yanapozama ardhini huuyeyusha kidogo kidogo, na kisima kinapata kalsiamu. Sabuni ikikutana na kalsiamu au magnesiamu hugandana nayo, ikawa ule utando mweupe unaoelea kwenye beseni. Mpaka madini hayo yaishe, povu halisimami. Kisima kilicho karibu na bahari huwa pia na chumvi, kwa hiyo mtu akionja husema ni chumvi inayozuia povu. Hapo ndipo pa kupima: ni chumvi au ni chokaa?

Atafute chupa za plastiki za nusu lita zilizo sawa. Moja atie maji ya mvua, ya pili maji ya mvua na chumvi ya jikoni robo kijiko cha chai, ya tatu maji ya kisima, ya nne maji ya kisima yaliyochemshwa dakika kumi yakapoa. Akipenda, ya bahari pia. Kila chupa ijazwe nusu tu, kwa kipimo kimoja. Sabuni aiyeyushe kwenye maji ya mvua ya uvuguvugu, aivute kwa bomba la sindano lisilo na ncha, la duka la dawa. Atie mililita moja, atikise mara kumi, atazame. Povu likizama, aongeze moja. Likisimama nusu dakika, aandike ametia ngapi. Kila chupa airudie mara tatu, na asifute hesabu yoyote hata kama haikumpendeza. Nawasihi hilo la mwisho mlishike sana.

Baba Mwanaidi, Kisauni
Mwalimu, tumejaribu jana baada ya isha. Mvua, kisima, vyote vimetoa povu karibu sawa. Mtoto amelala na huzuni. Tumekosea wapi?

Dobi, Bondeni
Kakangu, mumetumia sabuni gani? Ikiwa ni ya unga au ya maji ya kuoshea vyombo, hamtaona kitu. Hizo zimetengenezwa zifanye kazi hata kwenye maji magumu, yaani yenye madini kama haya ya kisima. Mimi nafua kwa maji ya kisima kila siku, na sabuni ya unga hainisumbui. Chukua ya kipande, ile ya kukata, uikwaruze kwa kisu.

Baba Mwanaidi, Kisauni
Dobi, Mungu akuzidishie. Ilikuwa ya unga. Jana tumerudia kwa kipande, na mtoto ameandika ile ya kwanza pia, kwamba kwa sabuni ya unga tofauti haikuonekana.

Maji ya mvua: mililita 1. Mvua na chumvi: 1, mara moja 2. Kisima: 9, 8, 9. Kisima kilichochemshwa: 5. Ya bahari, tuliyoyachota Nyali, tulifika 20 tukaacha. Yalikuwa na vipande vyeupe kama maziwa yaliyoganda, povu hakuna.

Ile chupa ya mvua na chumvi ilipojaa povu, Mwanaidi aliinuka akaishika juu kwenye taa akaniambia, "Baba, si chumvi." Kisha akaenda jikoni akaleta birika la mamake, akakwangua ukoko mweupe wa ndani, akaukamulia ndimu. Ukachemka vipovu vidogo vidogo, twasikia hata sauti yake. Sasa anauliza: tukitia magadi kisimani, yaani kwenye chupa, hesabu itashuka? Mwalimu, tutie kiasi gani?

Mwalimu mstaafu, Mji wa Kale
Vile vipovu ni kaboni dioksidi, mwambie aviandike. Ukoko ule ndio chokaa iliyotoka majini kwa kuchemshwa, ndiyo maana 9 ikawa 5.

Magadi atie ncha ya kijiko kwa chupa moja, atikise, aache usiku kucha. Asijiguse macho. Asubuhi amimine maji ya juu taratibu ayapime kwa sabuni. Lile tope jeupe la chokaa litakalobaki chini asilimwage. Aliweke kwenye chupa ndogo, aende nalo shuleni.