Tupeane uzoefu: kisa kilichokuokoa (au kukuangusha) mbele za watu

Bibo Tamu, Masasi
Wakuu, heshima kwenu. Wiki ijayo nasimama kwenye mkutano mkuu wa AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima), na mimi kipaza sauti kinanitetemesha. Nimeshauriwa nianze na kisa. Mliowahi kufanya hivyo, ilikuwaje? Nadharia sitaki.

Bwana Shamba Mstaafu
Nilikuwa naelekeza wakulima wa Tandahimba kupulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho. "Gramu 250 kwa mti, rudia baada ya siku 14." Wazee wanachorachora mchangani. Mwaka mmoja nikaweka makaratasi pembeni, nikawasimulia asubuhi niliyoshika ua la mkorosho wangu mwenyewe, likaniachia unga mweupe vidoleni. Nikaufuta kwenye suruali, nikajisemea ni vumbi la barabarani. Uongo mtupu! Nilijua ni ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, ila salfa nilikuwa sijanunua. Msimu ule niliambulia magunia mawili. Mzee mmoja akadakia, "Bwana shamba mzima?" Kicheko. Halafu maswali: kipimo, saa za kupulizia, upepo. Gramu zilezile walizozipuuza, sasa wanazidai wenyewe.

Binti Mnolela
Mimi ni mwalimu, Lindi. Tendaguru, kilima kilikochimbwa mifupa ya dinosaria, nilikuwa naifundisha kwa miaka tu: 1909 hadi 1913, Wajerumani wakachimba, wakasafirisha. Darasa linasinzia. Siku moja nikaingia na ndoo ya mawe kichwani, nikawa nazunguka katikati ya madawati huku nasimulia wapagazi walivyotwikwa mifupa ya dinosaria, yule mjusi mkubwa wa kale, kutoka porini hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Shingo inaniuma kwelikweli, na wanaona. Mtoto akauliza, "Yuko wapi sasa?" Yuko Berlin, makumbusho, kimo kinapita mita 13. "Arudishwe!" Kengele imelia, bado wanabishana atapita mlango gani.

Mkia wa Pweza
Mimi kiliniangusha. Harusini Mikindani nilianza na siku bwana harusi alipopotea baharini. Nikamwingiza nahodha, nikamwingiza shangazi wa nahodha, robo saa imekatika na mtumbwi haujashushwa majini. MC akaninong'oneza, "Kaka, pilau linapoa." Siku hizi naanzia pale mtumbwi unapoingia maji.

Bibo Tamu, Masasi
Asanteni sana. Mkia, bwana harusi alipatikana lakini?

Mkia wa Pweza
Hata baharini hakwenda, mkuu. Alikuwa kwa mwanamke mwingine. Yule MC aliokoa ndoa ya watu.