Mawakala wa safari Nairobi, acheni kutuuzia treni ya Machu Picchu bila tikiti ya kuingilia!

Wadau, nimekasirika na sitaficha. Chama chetu cha akina mama kimechanga pesa muda mrefu ili twende Peru tukaone Machu Picchu, ule mji wa Wainka uliojengwa milimani karne ya 15. Tukamlipa wakala mmoja hapa mjini. Kwenye risiti kaandika: "Treni Cusco–Machu Picchu, kila kitu ndani." Juzi namuuliza tikiti za kuingilia ziko wapi, ananijibu, "Madam, si treni inawafikisha?"

Haifikishi! Treni kutoka Cusco, mji mkubwa wa eneo hilo, inakomea Aguas Calientes, kijiji cha bondeni kando ya mto Urubamba. Hapo unapanda basi linalokwea kona baada ya kona karibu nusu saa, ama upande kwa miguu. Ukifika getini unadaiwa tikiti nyingine kabisa, iliyoandikwa siku, saa ya kuingia na njia utakayopita ndani. Idadi ya watu kwa siku ina kikomo, tikiti zikiisha zimeisha. Kwa hivyo tikiti ya geti ndiyo hununuliwa kwanza, treni inapangwa kuifuata. Yeye kaanza na treni, na sasa siku yetu imejaa! Eti pesa za treni hazirudi.

Halafu majina. Getini wanaangalia pasipoti, na tikiti za treni hutolewa kwa pasipoti vilevile. Huyu bwana kachukua majina yetu kwenye ujumbe wa M-Pesa, na nakala za pasipoti tulimpa mkononi. Mwenzetu mmoja kakosewa herufi, mwingine jina la ukoo halipo kabisa.

Katupangia Februari, katikati ya mvua. Miezi hiyo ya mwanzo wa mwaka abiria wa Cusco kwa kawaida hupelekwa kwa basi hadi Ollantaytambo, mji mdogo ulio njiani, ndipo wapande treni. Hakututajia. Januari 2010 mafuriko yalikata reli na maelfu ya watalii wakakwama kule, wengine wakatolewa kwa helikopta. Mtu anayeuza safari hii anapaswa kuyajua haya, na akuachie siku ya akiba.

Kinachoniuma zaidi ni wazee. Cusco iko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya Nairobi, juu kuliko hata Machu Picchu yenyewe iliyo mita 2,430. Yeye anatushusha Cusco usiku, alfajiri tuko njiani. Kati yetu kuna mama mwenye presha! Tungelala kwanza Ollantaytambo, chini kidogo, miili izoee hewa nyembamba ya milimani.

Risiti na jumbe zote ninazo. Tunataka pesa zetu zote, si "vocha ya safari nyingine". Nani hapa amewahi kupeleka wakala kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii akalipwa? Ulianzia wapi, na walikuitisha karatasi gani?