Panya wa msituni katika nyumba ya zamani, Lushoto

Mkazi wa Magamba: Ndugu zangu, salaam. Tunaishi katika nyumba ya mawe ya zamani pembezoni mwa msitu wa Magamba, na panya huingia darini hadi stoo ya mahindi. Mitego inawanasa, lakini hawaishi. Tufanye nini?

Fundi Mstaafu: Ndugu, mitego bila kuziba matundu ni kazi isiyokwisha, kwa kuwa panya mdogo hupenya uwazi wa milimita 6 tu. Kagua mabomba yanapopita ukutani, chini ya milango, na hasa pale bati linapokutana na ukuta. Shindilia waya laini wa kusugulia masufuria, kisha funika kwa saruji, maana mbao wataiguguna. Matawi yanayogusa paa yakate.

Muuguzi: Naomba kuongeza jambo zito. Wilaya ya Lushoto ilisumbuliwa na tauni miaka ya 1980 na 1990, na ugonjwa huo huenezwa na viroboto wa panya. Ukiua panya wengi kwa mkupuo kabla ya kupulizia dawa ya viroboto, viroboto wenye njaa huwahamia binadamu. Mizoga usiishike kwa mikono mitupu, na kinyesi kikavu kilowanishe kwa maji yenye klorini kabla ya kukiondoa.

Mkazi wa Magamba: Asante sana, dada. Na sumu je?

Muuguzi: Mimi siipendi, kwani bundi akila panya aliyelishwa sumu naye huweza kufa. Mahindi yahamishie kwenye pipa la bati lenye mfuniko unaobana.