Mrejesho: lile kasri la Victoria, Kanada

Wakuu narudi kama nilivyoahidi, niliuliza lile kasri la mawe la Craigdarroch mjini Victoria lilikuwa la nani, maana kila mtu ananipa jibu lake, huyu hospitali yule chuo. Kumbe wote wako sahihi! Jumamosi nimeenda mwenyewe. Aliyelijenga ni Robert Dunsmuir, tajiri wa makaa ya mawe, jamaa akafariki 1889 ujenzi haujaisha, hajalala humo hata siku moja, mjane wake Joan ndo akaishi mpaka naye alipofariki 1908. Sasa hapa ndo patamu: shamba lote likakatwa viwanja, walionunua wakaingizwa kwenye bahati nasibu na zawadi ni kasri lenyewe 😂 aliyeshinda, Solomon Cameron, akaliweka rehani, mambo yakamgomea, benki ikabeba. Baada ya hapo hospitali ya wanajeshi, chuo, ofisi za elimu, shule ya muziki, 1979 ndo likawa makumbusho. Mpaka juu mnarani ni ngazi 87, magoti yananidai hadi leo, ila ile ngazi ya mti wa mwaloni pale ukumbini, aisee we acha tu, niliipapasa kama mtoto.