Sola ya nyumbani: waranti ya miaka 25 inalipa nini hasa?

Dada wa Leicester, Jumanne usiku

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Kuna kampuni hapa Uingereza imetupigia hesabu ya sola: paneli 10 za wati 400, inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) na betri. Karatasi ya kwanza imeandikwa kwa herufi kubwa "waranti miaka 25". Mume wangu anataka tusaini Ijumaa, anasema kitu cha miaka 25 kina hofu gani tena. Mimi roho inasita. Mliotangulia, mliangalia nini?

Kaka wa Coventry, Jumatano asubuhi

Marahaba mdogo wangu. Mwambie shemeji kalamu aiweke chini kwanza.

Hiyo 25 ni ya paneli, tena huenda ni ya uzalishaji tu. Paneli huja na waranti mbili. Moja ni ya kifaa chenyewe: fremu kuachia, maji kuingia ndani, na kasoro nyingine za kiwandani. Ya pili inaahidi kwamba umeme hautapungua kupita kiwango fulani. Mfano wa kawaida ni asilimia 2 mwaka wa kwanza, kisha 0.55 kila mwaka. Piga hesabu: mwaka wa 25 imebaki asilimia 84.8, yaani paneli yako ya wati 400 inatoa kama 339. Haya, ikishuka chini ya hapo nani wa kuthibitisha? Wewe. Uishushe juu ya paa, ipelekwe ikapimwe. Ndiyo maana hii ya pili mimi siipi uzito.

Kinachokufa mapema ni inveta. Yangu ilizima mwaka wa nne, mwezi Novemba. Nampigia aliyenifungia, simu inaita mpaka inakata. Kumbe kampuni ilishafungwa. Wenye kiwanda, nawashukuru, walileta inveta mpya bila ubishi. Kuifunga sasa? Juu yangu. Bahati ilikuwa ukutani gereji, nikamlipa fundi umeme pauni 260 yakaisha. Ingekuwa paneli, ningelipia na kusimamisha jukwaa la chuma, na hapo paneli ya bure inageuka ghali kuliko ya dukani. Halafu inveta mpya haikuja na miaka mipya, ilirithi iliyobaki kwenye ile mfu.

Kwa hiyo waulize: kifaa kikifa, nani analipa fundi, usafiri na jukwaa? Jibu liwe la maandishi. Inveta nyingine hupewa miaka 5, ikawa 10 ukiisajili mtandaoni ndani ya muda uliowekwa. Fundi akisema "nimeshakusajilia", dai cheti chenye namba za vifaa. Betri nayo inahesabiwa kwa miaka au kwa umeme uliopita ndani yake, kinachotangulia kufika. Na wengine wanataka iwe kwenye intaneti muda wote.

Mama wa Reading, Jumatano jioni

Naongeza. Waranti ya kazi ya fundi, kama paa likivuja alipotoboa, ndiyo inayokufa pamoja na kampuni yake. Sisi tulidai bima inayoibeba waranti hiyo kampuni ikifilisika, na hatukutoa salio mpaka hati yenye jina letu ilipofika.

Arbuni lipeni kwa kadi ya mkopo, hata kama ni kidogo, moja kwa moja kwa kampuni. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya hapa Uingereza ya mwaka 1974 kinaibana kampuni ya kadi pamoja na muuzaji, mradi bei imezidi pauni 100 na haipiti 30,000. Kadi ya debiti haiko kwenye kifungu hicho. Na wakiwatisha kwa "bei ya Ijumaa", msihangaike: VAT ya kufungiwa sola nyumbani ni sifuri hadi 31 Machi 2027.

Mdogo wenu wa Glasgow, usiku huohuo

Samahani wakubwa, nadandia. Nataka ninunue hapa, nitie kwenye kontena, niwafungie wazee Tanga. Waranti si inakwenda na mzigo?

Kaka wa Coventry

Mara nyingi haiendi. Tafuta kwenye hati panapotajwa eneo: nyingi zinahusu nchi au kanda kilikouzwa kifaa. Inveta ikifa Tanga utairudisha Glasgow kwa posta? Bora ununue kwa wakala wa kampuni hiyo Dar, mwenye risiti na vipuri. Na nyumba ya wazee iko umbali gani na bahari? Kuna viwanda vinavyokataa madai ya kutu ya chumvi. Betri ya lithiamu inahesabiwa mzigo wa hatari, lazima itangazwe. Usije ukaifunga kwenye magodoro, nawajua vijana.

Dada wa Leicester, Alhamisi

Ahsanteni sana. Nimewapigia. Paneli: kifaa miaka 15, uzalishaji ndiyo hiyo 25. Inveta 5. Nilipouliza nani analipa jukwaa, kijana akacheka, "hilo halijawahi kutokea, mama". Nikamwambia basi aniandikie hivyo hivyo kwenye barua pepe. Mpaka sasa hajaandika, na shemeji yenu ameacha kuitaja Ijumaa.