Arthur Crudup alidhulumiwa, na sisi tunaendelea kumdhulumu

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimechoshwa na watangazaji na waandishi wetu ambao kila wakisimulia chanzo cha muziki wa roki huanzia Memphis, Julai 5, 1954, siku Elvis Presley aliporekodi "That's All Right" katika studio ya Sun, kana kwamba wimbo ule aliuokota njiani. Wimbo ulikuwa na mwenyewe. Arthur Crudup, mwanamuziki wa bluzi mzaliwa wa Forest, Mississippi, aliurekodi Chicago Septemba 1946, yeye akiwa kwenye gitaa, Ransom Knowling kwenye besi na Judge Riley kwenye drams. Anayebisha azisikilize rekodi zote mbili kwa kufuatana, na atagundua kwamba ile ya Crudup ina drams zinazousukuma wimbo mbele, ilhali ile tunayoambiwa ndiyo iliyoanzisha yote haina drams kabisa.

Najua watatokea wa kusema kwamba baadhi ya mistari Crudup naye aliirithi kwa mwanabluzi Blind Lemon Jefferson, aliyeiimba miaka ya 1920. Ni kweli, na bluzi ndivyo ilivyokuwa ikirithishwa. Lakini hoja hiyo haikumzuia mchapishaji yeyote kukusanya fedha za wimbo huo. Huibuka pale tu anapodaiwa haki yake Crudup.

Mtu huyu alifika Chicago karibu na mwaka 1940 akawa anapiga gitaa mitaani na kulala ndani ya kasha la mbao chini ya reli ya treni za juu, hadi Lester Melrose alipomwona na kumpeleka kurekodi Bluebird, tawi la RCA Victor. Melrose alikuwa msimamizi wake, mtayarishaji wake na mshika haki za nyimbo zake, yote kwa pamoja, kwa hiyo Crudup alilipwa ujira mdogo wa kurekodi na mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kwa matumizi ya nyimbo zake, ikaishia kwingine. Miaka ya 1950 akachoka, akaacha kurekodi, akarudi kwenye vibarua vya shambani. Wakati huohuo RCA ileile ikaununua mkataba wa Presley mwaka 1955, na mwaka uliofuata ikatoa "My Baby Left Me", utunzi mwingine wa Crudup. Presley mwenyewe hakuficha: mwaka 1956 alimwambia mwandishi wa gazeti la Charlotte kwamba alikuwa akimsikiliza Crudup tangu utotoni kule Tupelo. Sasa sisi tunaficha kwa faida ya nani?

Linaloniumiza zaidi ni la mwaka 1971. Baada ya meneja wake, Dick Waterman, kuhangaika sana kudai mirabaha, kampuni ya Hill and Range, mchapishaji wa muziki aliyekuwa ameshika haki za nyimbo zake, ilikubali kulipa dola 60,000. Crudup, mzee wa miaka 65 hivi, akasafiri na watoto wake kutoka Virginia hadi New York, akatia saini karatasi zote, wakakaa kusubiri hundi. Wakili akatoka ndani akiwa mikono mitupu na kuwaeleza kwamba mkuu wa kampuni amekataa kusaini, kwa sababu fedha hizo zilizidi ambazo mzee angeweza kupata mahakamani. Wakarudi nyumbani bila hata senti. Crudup akafariki Machi 1974, na fedha za maana zikaanza kuifikia familia yake akiwa kaburini.

Kwa hiyo sikubali tena kusikia akiitwa "mmoja wa waliomvutia Elvis", tena kwa sekunde mbili kabla ya wimbo kuanza. Ninawataka watangazaji wanaoupiga wimbo huu kila Julai wamtaje kwa jina lake kamili kama mtunzi, wapige rekodi ya 1946 kwanza, na ndipo waendelee na Presley wao. Wanaoandika makala za historia ya roki kwa Kiswahili nao wazirekebishe zile walizokwisha kuchapisha, maana zinanakiliwa kila siku.